Sukari Ambayo Mama Hakuiomba

Mama hakumpenda mbwa wa baba. Naandika hivyo mwanzoni kabisa, kwa sababu watu wanaosikia habari hii siku hizi wanadhani mama yangu ni mtu wa kubembeleza wanyama. Hata kidogo. Alikuwa akimwita mke mwenzake, ingawa mbwa mwenyewe alikuwa dume.

"Bibi mkubwa amekula?" alimuuliza baba kila jioni, baba akirudi kutoka mabandani na harufu ya mbwa kwenye sweta.

"Amekula."

"Amekula nini?"

"Nyama kidogo na posho."

"Sisi tumekula maharage. Kesho ukimwona, mwambie asalimie nyama."

Baba alicheka bila sauti, akavua viatu, akautundika mkanda wa mbwa kwenye msumari wake karibu na mlango. Kwenye msumari huo hakikutundikwa kitu kingine. Siku moja nilitundika mkoba wangu wa shule hapo, nikakuta umewekwa chini, kwa upole lakini umewekwa chini.

Baba ni koplo wa polisi, askari wa mbwa. Tunakaa kwenye kambi ndogo mteremkoni. Ukisimama mlangoni kwetu unaona minara ya kanisa la Lubaga upande mmoja, na upande wa pili mapaa ya Old Kampala. Nyumba zetu ni za mabati, za mviringo, zimepangwa mstari mmoja mmoja, ndiyo maana tunasema tunakaa "laini". Saa sita mchana unaweza kukaanga yai ukutani. Watu wa laini wametoka kila mahali, wengi kaskazini kama sisi, na lugha yetu wote ni Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Shuleni mambo ni mengine. Wasichana wenzangu wanaongea Kiganda wakati wa mapumziko, na siku waliponisikia namjibu mdogo wangu kwa Kiswahili pale getini, walisimama kwa mguu sawa wote, wakapiga saluti, maana kwao Kiswahili ni lugha ya askari. "Ndiyo, Afande!" Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kunyamaza. Nyumbani pia mgeni akija naingia nyuma ya pazia. Huko ndiko ninakoandika. Kiswahili cha kuandika nimejifunza kwa magazeti ya Kenya ambayo wauza samaki wanafungia samaki. Nayaanika, nayasoma, hata yakinuka. Daftari hili nalificha chini ya gunia la mahindi, na sitataja jina la mtu yeyote humu, maana siku hizi jina likiandikwa si lazima likae pale ulipoliandika.

Sasa habari ya mbwa.

Alikuwa mweusi mgongoni, kahawia miguuni, sikio moja limekatika ncha. Alikuja kambini nikiwa darasa la pili, na nilipofika sinia tatu, mwaka wa tatu wa sekondari, alikuwa bado kazini. Watu wa Kikuubo, mtaa wa biashara mjini, walimjua. Baba akipita naye kwenye vichochoro vile vilivyojaa magunia na wapagazi, watu walijibana ukutani bila kuambiwa. Mara moja aliifuata harufu ya mwizi kutoka kwenye stoo iliyovunjwa pale Kikuubo, akapita sokoni, akapita bondeni kwenye mafunjo, akaingia kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa anakunywa chai, akakaa mbele yake. Hakubweka. Alikaa tu akimwangalia. Yule mtu mwenyewe aliweka kikombe chini akasema, "Vitambaa viko chini ya kitanda." Habari hiyo baba aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka alisimama kuigiza jinsi mbwa alivyokaa.

Lakini mbwa wa polisi huruka kutoka kwenye Landrova kila siku, na nyonga zake si za chuma. Asubuhi moja, gwaride limepangwa, baba alimwamuru apande gari. Akaweka miguu ya mbele. Ya nyuma ikakataa. Akajaribu tena. Baba akamwinua kama mtoto, haraka, lakini mkaguzi alikuwa ameshaona.

Hapa lazima nieleze kitu kinachoitwa bodi, kwa sababu habari yote iko hapo. Mara moja kwa mwaka maofisa wanakaa mbele ya stoo. Vinatolewa vitu vyote vilivyoharibika: blanketi zilizochanika, sufuria zilizotoboka, taa, viatu, ndoo. Ofisa anaangalia, anapiga alama kwa penseli nyekundu, na kile kilichopigwa alama kinachomwa au kinapondwa nyuma ya stoo. Na mbwa wa kambi wameandikwa kwenye kitabu hichohicho cha stoo. Nimekiona kwa macho yangu. Wako baada ya matandiko na kabla ya ndoo. Mbwa akipigwa alama nyekundu anapigwa risasi siku hiyohiyo, na desturi ni kwamba anayeshika mkanda ndiye anayepiga. Wanasema ni heshima, asiuawe na mtu mgeni.

Mbwa wa kwanza wa baba alikwenda hivyo. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Baba alirudi mchana, akatundika mkanda mtupu kwenye msumari, akakaa kwenye kigoda, akaanza kupaka rangi viatu ambavyo vilikuwa vimeshapakwa. Mama aliweka chakula. Akakitoa kama kilivyo. Jioni akaweka, akatoa. Ilikuwa hivyo siku tatu. Mtu mmoja wa laini alikuja kumtania, "Koplo, umefiwa?" Baba akamwangalia tu, yule akaondoka. Baba hajawahi kutuambia neno moja juu ya siku ile.

Kwa hiyo jioni aliporudi akasema, bila kukaa, "Wamemwandika kwa bodi. Jumatatu ya wiki mbili," mama aliacha kukoroga sufuria. Mwiko ukabaki umesimama katikati ya posho, yaani ugali.

"Nani atapiga?" aliuliza, ingawa alijua.

"Nani mwingine?"

"Wewe hapana piga."

"Mama watoto, hiyo ni oda."

"Basi omba ibadilishwe. Omba wakupe hii mbwa, akae, azeeke."

Baba aligeuka akaangalia mlango kama umefungwa vizuri. Akashusha sauti. "Watu wanapotea. Watu, unanisikia? Karani wetu wiki ya tatu sasa. Na mimi nisimame mbele ya Afande niseme habari ya mbwa?"

Mama akaanza tena kukoroga, polepole. "Wewe usiseme," akasema. "Mimi ndiyo nitasema."

Nyuma ya pazia kalamu yangu ilisimama. Mama yangu hajui kusoma. Mkuu wa kambi alikuwa ametoka jeshini, kaletwa juu ya polisi mwaka uleule, mtu mrefu wa sauti nene, na askari wazima walikuwa wanazunguka nyuma ya jiko wasikutane naye. Lakini nakumbuka sikushangaa sana. Wahindi walipofukuzwa nilikuwa mtoto, na kule Old Kampala mbwa wao walibaki kwenye ngazi za maduka yaliyofungwa, wanangoja. Mmoja mdogo wa kahawia alingoja kwenye ngazi moja siku nyingi sana. Watu walimrushia mawe. Mama, tukitoka sokoni, alikuwa anasimama, anamimina maji kwenye kifuniko cha kopo, anaendelea kutembea na kumtukana: "Kunywa, mjinga wewe. Bwana yako yuko Ulaya." Kisha siku moja wakapita watu na bunduki, wakawamaliza mbwa wote wa mtaa ule, na kesho yake mama alipita pale na kopo lake kana kwamba amesahau. Hakuna aliyeulizwa kitu. Hapakuwa na sheria ya kuuliza.

Mama angesemaje na mkuu wa kambi? Mke wa koplo haingii ofisini. Lakini iko siku moja ambapo mke wa yeyote anaweza kusema, nayo ni siku ya ukaguzi wa laini. Jumamosi moja kila baada ya miezi michache, mkuu anapita nyumba kwa nyumba, anaangalia sakafu, vyombo, mifereji, kitanda. Nyumba iliyoshinda, mama wa nyumba anasogea mbele ya watu wote na kuomba kitu kimoja. Anapewa. Zamani waliomba bati au mlango. Siku hizo za shida, wakati sabuni ilikuwa hadithi na chumvi ilipimwa kwa kijiko, waliomba sukari tu. Mfuko mzima wa sukari kutoka stoo ya maofisa! Na ukaguzi ulikuwa Jumamosi, siku mbili kabla ya bodi.

Tatizo lilikuwa jirani yetu. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mke wa sajini, Mnubi, mama mnene mwenye vitambaa vilivyofumwa kila mahali, hata juu ya mtungi. Alikuwa ameshinda mara tatu mfululizo. Na safari hii Ramadhani ilikuwa inakaribia, kwa hiyo kila mtu alijua sukari ile ni yake.

Mama alimwendea waziwazi. Mimi nilikuwa nafua karibu, nikainama zaidi kwenye karai nisikie.

"Dada, mimi nataka kushinda," mama akasema.

Yule jirani alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Wewe? Na ule mfereji wako?"

"Nitauchimba upya."

"Sukari tutagawana, usijisumbue. Mimi si mchoyo."

"Sitaki sukari. Nataka ile mbwa ya koplo isiuawe. Na nyingine zote."

Kicheko kilikatika. "Mbwa," jirani akasema, kama mtu anayeonja kitu. "Wallahi, mimi mbwa simgusi. Akigusa maji yangu namwaga, nasugua na mchanga. Unajua."

"Najua."

"Usije ukaniletea mlangoni."

"Sitaleta."

Jirani akaokota beseni lake, akaenda hatua mbili, akageuka. "Lakini kumfanyisha kazi mpaka mifupa inalia, halafu kumpiga risasi kama deni limekwisha... Hiyo ni dhuluma. Hata mimi ninayemwogopa nasema ni dhuluma." Akaingia kwake.

Zile wiki mbili sitazisahau. Chokaa haikuwepo mjini, kwa hiyo tulishuka bondeni chini ya Lubaga, mama na mimi, tukachimba udongo mweupe, tukabeba kichwani, tukapaka mawe ya njia yote mpaka yakang'aa kama meno. Sufuria tulisugua na majivu na majani ya mpapai. Siku tatu za mwisho hatukulala kitandani, kwa sababu kitanda kikishatandikwa kwa ukaguzi hakiguswi, tulilala chini kwenye mkeka pamoja na kuku. Baba alikuja na kwenda akiinua miguu kama mtu anayevuka maji.

Na kila alasiri, nikitoka shule, mama alinikalisha nyuma ya nyumba na daftari.

"Andika: mnyama anayefanya kazi si sufuria."

Nikaandika.

"Andika: akizeeka, lazima apewe mtu aliyemshika."

"Mama, kwa Afande hatuandiki lazima."

"Tunaandika nini?"

"Tunaandika tafadhali."

Akafikiri. "Andika tafadhali lazima."

Nilijaribu kumweleza kwamba angeweza kuomba mbwa mmoja tu, ingekuwa rahisi. Mkuu angecheka, angempa, tungeenda nyumbani. Mama aliniangalia kama mtu niliyemkanyaga. "Mabandani kuna mbwa sita," akasema. "Kuna yule punda anayevuta mkokoteni wa taka. Kila mmoja ana mtu wake, na kila mtu ana mke anayeweka chakula anakitoa. Nikiomba mmoja, ni zawadi. Zawadi inakwisha. Andika iwe sheria."

Mimi nasoma sekondari, nimejifunza neno katiba na neno bunge, na bunge lenyewe siku hizo halikuwepo. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akieleza sheria ni nini vizuri kuliko hivyo, na alikuwa anachambua mchele akieleza.

Mwishoni yalikuwa mambo matatu. La kwanza, mnyama yeyote anayefanya kazi kambini atolewe kwenye kitabu cha stoo, awe na kitabu chake. La pili, akizeeka asipigwe alama nyekundu, bali apewe aliyemtunza, au mwingine anayemtaka. La tatu, kama ni mgonjwa sana na hakuna njia, amalizwe na daktari wa wanyama, asilazimishwe aliyemshika.

Jumamosi ilifika. Niseme kitu kuhusu ukaguzi ambacho mtu wa nje hawezi kujua: laini nzima ilikuwa na blanketi moja tu zuri. Jekundu, nene, la mama mmoja mwanzoni mwa mstari. Mkuu akishakagua nyumba ya kwanza na kutoka, blanketi lilitolewa kwa dirisha la nyuma, likakimbizwa na wanawake mpaka nyumba ya tatu, kisha ya tano. Mkuu aliliona mara nyingi sana, na sijui kama alijua ni lilelile. Mimi nilikuwa dirishani kwetu nalipokea. Ilibidi nilitandike, nilinyooshe, na kutoka kwa upande wa jiko kabla buti hazijafika mlangoni. Lilikuwa bado na joto la mikono ya watu.

Akaingia. Akaangalia kitanda. Akapitisha kidole juu ya mlango. Akatoka, akaangalia mfereji, ambao mama alikuwa ameuchimba na kuupanga kwa mawe madogo kama mkufu. Akaenda kwa jirani.

Mbele ya mlango wa jirani, penye ngazi ambayo haijawahi kuwa na hata jani, palikuwa na rundo la majivu. Majivu ya jiko, yamemwagwa, na alama ya unyayo katikati. Mkuu alisimama akayaangalia. Yule mama Mnubi alikuwa amesimama wima kando, mikono nyuma, anaangalia mbele kama askari.

"Hii ni nini?"

"Majivu, Afande."

"Wewe siku zote msafi. Leo umepatwa na nini?"

"Leo nimechoka, Afande."

Mama yangu aliangalia chini.

Watu wote wakakusanywa uwanjani. Msaidizi wa mkuu akatangaza nyumba yetu. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama akasogea mbele, amevaa gauni lake la kwenda kanisani, kanga kiunoni. Baba alikuwa kwenye mstari wa askari. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Omba," mkuu akasema. Sukari ilikuwa tayari mezani, mfuko mzima, kila mtu anauona.

"Afande, mimi sitaki sukari. Mimi naomba mbwa ya koplo isipigwe risasi siku ya Jumatatu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akakatiza. Mkuu aliinamisha kichwa. "Mbwa? Unaacha sukari, unachukua mbwa? Hii mwaka?"

"Ndiyo, Afande."

Akacheka kwa sauti yake nene, na watu wote wakacheka pamoja naye, haraka, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunafanya. "Haya! Chukua mbwa yako. Maneno imekwisha."

"Bado, Afande."

Kicheko kilikufa. Nilisikia bendera ikigonga mlingoti. Baba alifumba macho.

"Bado nini?"

"Naomba iandikwe. Si ya koplo tu. Zote, na punda. Ikiandikwa, hata wewe ukihama, itabaki."

"Mbwa ni mali ya serikali, mama. Kama hii meza. Kama sufuria."

"Sufuria ikitupwa haijui, Afande. Mbwa anajua. Anageuka, anakuangalia, anafikiri umemwitia kazi." Akaikaza kanga kiunoni. "Na koplo wangu pia iko kwa kitabu ya serikali. Siku moja atazeeka."

Mkuu alimwangalia mama, na mama hakuangalia pembeni. Nimesoma habari za watu hodari kwenye vitabu vya historia shuleni, wenye mikuki na majeshi. Hakuna hata mmoja aliyesimama na kanga kiunoni, na mfuko wa sukari umbali wa mkono.

"Hayo maneno yako yako wapi?" mkuu akauliza.

"Kwa daftari ya mtoto."

"Mtoto gani?"

Nilikuwa nyuma ya wanawake, nyuma kabisa, na daftari tumboni. Hakukuwa na pazia. Watu walijitenga wenyewe, na nikaona njia imefunguka mpaka mbele, nikaipita.

"Soma."

Nilifungua. Herufi zote zilikuwa zinaruka. Nikaanza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. "Nguvu!" mkuu akasema. Nikaanza tena. Nilisoma jambo la kwanza, la pili, la tatu. Nilisoma kwa Kiswahili, lugha ile ambayo kwayo wanapigiwa saluti getini watoto wa laini, na niligundua katikati ya kusoma kwamba kila mtu pale anaielewa, kutoka mkuu mpaka mfagiaji, na hakuna hata mmoja anayecheka. Mwishoni nilikuwa nimesoma hata lile "tafadhali lazima", maana nilikuwa nimesahau kulifuta.

"Tafadhali lazima," mkuu akarudia. Mdomo wake ulisogea kidogo. Akageuka kwa msaidizi. "Lete kitabu ya oda. Nani anaandika?"

Msaidizi alisita. "Afande... karani..."

Hakumaliza. Hakuna aliyemaliza. Mkuu aliangalia upande wa Old Kampala, kama kuna kitu kinapita kule. Kisha akaniambia mimi, "Wewe andika."

Walinipeleka ofisini. Kiti cha karani kilikuwa vilevile, sweta limetundikwa mgongoni, miwani juu ya meza, imekunjwa vizuri. Nilikaa ukingoni mwa kiti, nisikijaze. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umelala kidogo kulia, na ulisimama katikati ya ukurasa. Niliacha mstari mmoja mtupu baada ya mwandiko wake. Sijui kwa nini. Niliona si vizuri kumkaribia sana.

Nikaandika jambo la kwanza na la pili. La tatu mkuu alilikata kwa mkono wake. "Daktari wa mifugo hana petroli," akasema. "Haiwezekani." Kisha akaongeza maneno "katika kambi hii", akatia sahihi. Hivyo ndivyo ilivyo: sheria ndogo, ya kambi moja, yenye mguu mmoja uliokatwa. Nilipomweleza mama, alisema, "La tatu litaombwa na atakayeshinda tena." Hakufurahi wala hakukasirika. Alikwenda kwa jirani kumsaidia kufagia yale majivu, na nilisikia wakicheka wote wawili mpaka wakakohoa.

Jumatatu bodi ilikaa. Moshi wa blanketi ulipanda nyuma ya stoo. Kisha tukamwona baba akija kwenye njia ya mawe meupe, polepole, kwa sababu mbwa alikuwa anakuja polepole. Mkanda ulikuwa mkononi lakini haukuvutwa. Walipopita kwa jirani, yule mama alitoa ndoo yake ya maji nje ya njia, akaifunika, akasema kutoka mbali, "Karibu, mzee."

Mama alikuwa mlangoni. "Bibi mkubwa amefika," akasema. "Sasa tutakula maharage wote."

Mbwa alijilaza kwenye kivuli cha ukuta wa bati. Mama akaweka chakula. Baba akakaa kwenye kigoda, akavuta sahani, akala. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, na mama aliichukua tupu, akasimama nayo kidogo kabla ya kuiosha.

Chai tulikunywa bila sukari mwaka ule wote. Jirani pia, Ramadhani nzima, alifuturu kwa uji wa ukwaju mkali. Ule mfuko ulirudi stoo ya maofisa, na hatukuusikia tena.

Yule mkuu ameshahamishwa. Aliyekuja baada yake alitaka kusafisha mabanda, akamwandika kwa bodi mbwa mwingine, jike la konstebo mmoja. Konstebo akaomba kitabu cha oda kifunguliwe. Nimeambiwa mkuu mpya alisoma, akauliza mwandiko huu ni wa nani, akafunga kitabu, na jike lile sasa linakaa nyumba ya nane, linakoroma.

Mbwa wetu alikufa mwezi uliopita, kivulini, mchana, baba amekaa kando yake. Baba mwenyewe alichimba. Alikula jioni ile, kidogo, lakini alikula.

Na jana walikuja askari wawili wa mbwa kutoka kambi nyingine, watu wazima, kofia mikononi. Wamesikia kuna karatasi. Kwao bodi ni wiki ijayo. Mama aliwapa vigoda na chai kavu, bila sukari, akaniita. Nilitoka na daftari na kalamu, nikakaa nao hapohapo mlangoni, na kuanza kuwanakilia, jambo la kwanza, la pili. Mmoja akauliza kama hayo tu ndiyo yote.

"Kuna la tatu," nikasema. Kisha nikaliandika na lenyewe.